Mama ametolewa kifuko cha nyongo: je, aache nazi moja kwa moja?

Binti wa Ngamiani (Tanga)

Asalaam aleikum na habari za wakati huu, ndugu zangu. Naandika kutoka Tanga mjini kumhusu mama yangu mzazi, ambaye mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo. Kwa muda mrefu alikuwa akishikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, mara nyingi usiku, hasa siku tulizokula pilau au samaki wa kupaka, na maumivu hayo yalikuwa yakipanda mpaka begani. Kila alipokwenda katika zahanati iliyo jirani na kwetu aliambiwa kwamba ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kupunguza asidi, na baada ya muda maumivu yakarudi vilevile. Hatimaye daktari mwingine alimwandikia kipimo cha altrasaundi, na ndipo mawe yalipoonekana. Siku ya kutoka wodini tulikabidhiwa mawe hayo ndani ya kichupa: ya rangi ya kahawia, yenye pembepembe, mengi yakiwa na ukubwa wa punje ya mbaazi.

Alipasuliwa kwa mkato mrefu, si kwa matundu madogo, na tunamshukuru Mungu kidonda kimefunga vizuri. Shida iliyobaki ni ya tumbo. Akila wali wa nazi, hata sahani hazijaondolewa mkekani anakuwa ameshakimbilia chooni, na anapata choo chepesi cha rangi ya manjano. Akila ugali kwa mchicha wa kuchemsha, hapatwi na lolote. Shangazi anasisitiza kwamba mtu asiye na kifuko cha nyongo asiguse mafuta maisha yake yote, na jirani mmoja ametuletea mafuta ya zeituni achanganye na ndimu anywe ili, kwa maneno yake, asafishe mawe yaliyobaki.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kwa mambo matatu. Je, ni lazima aache nazi kabisa, maana katika nyumba ya Kitanga ukiondoa nazi umeondoa karibu kila kitoweo? Je, ataweza kufunga Ramadhani? Na je, ni lini anaweza kurudi kwenye biashara yake ya vitumbua, ambayo huianza kabla ya alfajiri?

Tabibu Mstaafu (Muheza)

Wa aleikum salaam, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na mfikishie mama pole zangu nyingi. Nimehudumu katika wodi za upasuaji miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakueleza kinachotokea ndani ya tumbo la mama, kwa sababu ukishakielewa utaweza kupambanua mwenyewe ushauri upi uufuate na upi uuache.

Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, na kazi yake kubwa ni kuyavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo ili utumbo uweze kuyasaga. Kifuko ni mahali pa kuihifadhi tu. Hubeba mililita 30 hadi 50, huifyonza maji mpaka ikawa nzito, na mtu anapokula chakula chenye mafuta hujikamua na kuimwaga sehemu kubwa yake kwa mkupuo. Kifuko chenye mawe kinapojikamua, jiwe huweza kukwama kwenye shingo yake, na ndiyo sababu mama alikuwa akishikwa baada ya pilau. Sasa kifuko hakipo, lakini ini linaendelea na kazi yake ileile, isipokuwa nyongo inatiririka kidogo kidogo usiku na mchana, mama awe amekula au hajala. Mafuta mengi yakiingia kwa mara moja, hakuna akiba ya kuyapokea. Na nyongo inayopita mpaka utumbo mpana huvuta maji na kuharakisha haja. Hicho ndicho kinachomkimbiza.

Kwa wagonjwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, utumbo unapozoea. Isipopungua, mrudisheni kwa daktari, kwa kuwa ipo dawa ya unga iitwayo kolestiramini inayoishika nyongo ndani ya utumbo. Dawa hiyo huandikwa na daktari, na hainywewi wakati mmoja na dawa nyingine kwa sababu huzizuia nazo zisifyonzwe.

Kuhusu mafuta ya zeituni na ndimu, naomba mrudishieni jirani kwa shukrani. Kifuko kilichokuwa na mawe kimekwisha kuondolewa, na mafuta mengi kwa mkupuo ndiyo hasa yanayomsumbua sasa. Hata kwa wale ambao bado wana kifuko, vile vibonge vya kijani wanavyoviona chooni baada ya kunywa mchanganyiko huo ni mafuta yenyewe yaliyogandamana humo tumboni. Mawe yao yangali palepale.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili. Upo uwezekano, ingawa si mkubwa, kwamba jiwe dogo lilishuka kwenye mrija mkuu wa nyongo kabla ya upasuaji likabaki humo. Mama akipata homa ya kutetemeka, macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikipauka kuwa cheupe, au maumivu makali ya juu ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni pamoja na kutapika, msisubiri kupambazuke na msimpe dawa ya kienyeji. Mpelekeni Bombo au hospitali yoyote yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, kwa sababu mrija ulioziba huweza kuleta maambukizi ya hatari au kuvimba kwa kongosho.

Tena mwambieni asijilaumu. Mawe haya huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, na watu wenye uzito mkubwa au kisukari, na hata watoto wenye selimundu, ambao damu yao huvunjika upesi. Wapo wanaokula nazi na nyama miaka yote wasipate hata punje moja.

Shangazi naye mtulizeni kwa heshima. Kifuko cha nyongo kiliondolewa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na tangu wakati huo watu wasiohesabika wameishi bila hicho kifuko, wakila, wakifanya kazi na kuzaa.

Mpishi wa Chumbageni (Tanga)

Dada yangu, pole sana. Mimi naishi bila kifuko cha nyongo mwaka wa kadhaa sasa, na wali wa nazi ninaula, kwa hiyo usikubali mama aambiwe kwamba starehe ya chakula chake imekwisha. Kinachobadilika ni namna ya kupika na kiasi cha kupakua.

Ukimkunia nazi, tenga tui la kwanza, lile zito ulikamualo kwa maji kidogo, uwapikie wengine. Rudisha machicha kwenye kifumbu, tia maji ya uvuguvugu, kamua tena, na hilo tui la pili jepesi ndilo umpikie mama, tena mwanzoni kwenye kitu kimoja tu cha mlo. Wali ukiwa wa nazi, mchuzi uwe wa nyanya na ndimu. Samaki akiwa wa nazi, wali uwe mweupe. Mimi nilichokigundua ni kwamba tumbo langu lilikuwa likigomba pale nilipokusanya wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga kwenye sahani moja. Nilipovigawa kwa siku tofauti, tumbo lilitulia.

Samaki mchomeeni au mchemshieni, na mchague wasio na mafuta mengi kama changu. Milo iwe midogo na ya mara nyingi, kwa sababu nyongo yake inatoka kidogo kidogo na chakula kiende hivyohivyo. Muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu, uji na viazi vitamu vinamfaa. Maharage na kabichi aviongeze polepole, maana vinajaza gesi. Chai ya maziwa yenye tangawizi kali asubuhi kabla ya kula kitu ilinisumbua mimi kupita hata nazi, ingawa shoga yangu aliyepasuliwa kama mimi anainywa bila shida. Kwa hiyo mwandikieni kwenye daftari anachokula na kinachofuata. Madafu asiogope. Mafuta yako kwenye nyama ya nazi iliyokomaa, na maji ya dafu hayana mafuta ya kutajika, tena yanamrudishia maji aliyoyapoteza chooni.

Mwalimu wa Bagamoyo

Nami niongeze kuhusu Ramadhani, kwa kuwa niliondolewa kifuko kwa njia ya matundu madogo, na swali hilo lilinikosesha raha. Daktari wangu alinieleza kwamba mtu aliyekwisha pona kidonda, asiye na kisukari wala ugonjwa mwingine unaomzuia, kwa kawaida anaweza kufunga, na nimekuwa nikifunga. Hata hivyo, mama yako bado anaharisha, na anayeharisha hupoteza maji. Kwa hiyo, kama hali hiyo haijakoma mwezi utakapoandama, apate kwanza kauli ya daktari, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Mtihani mkubwa huwa saa ya kufuturu. Tumbo limekaa tupu tangu alfajiri, kisha mezani kuna sambusa, bajia, kachori na mihogo ya nazi kwa pamoja. Mimi hufungua kwa tende na maji, nikanywa uji, nikaenda kuswali Magharibi, kisha nikarudi kula kidogo, na sehemu iliyobaki nikaila baada ya Tarawehe. Daku siliruki hata siku moja.

Binti wa Ngamiani (Tanga)

Mungu awalipe kheri nyote. Jana nilimpikia wali wa tui la pili kwa mchuzi wa changu wa nyanya. Alikwenda chooni mara moja tu, tena bila kukimbia. Mafuta ya zeituni tumeyaacha ya kupaka nywele. Limebaki swali la vitumbua, kwa sababu ameanza kuulizia karai lake.

Tabibu Mstaafu (Muheza)

Binti yangu, mkato mrefu wa tumbo huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kubeba vitu vizito, tofauti na matundu madogo, ambayo wengi hurejea kazini baada ya wiki moja au mbili. Kwa sasa asibebe ndoo ya maji, asiinue sufuria la unga uliokorogwa, wala asikalie mbuzi kukuna nazi, kwa kuwa kule kuinama na kusukuma kwa nguvu kunaukaza ukuta wa tumbo uliotoka kushonwa. Kutembea ndani na nje ya nyumba kila siku ni kuzuri na kunamsaidia kupona. Muda huo ukishatimia, daktari aliyempasua aliangalie kovu kwanza. Mkiona uvimbe unajitokeza pembeni ya kovu anapokohoa, huenda ni ngiri ya mshono, na arudi kliniki kabla ya kugusa kazi yoyote. Akiruhusiwa, aanze kwa kukaa mbele ya karai tu akimimina na kugeuza, huku kukoroga, kubeba na kuwasha moto mkifanya nyinyi wengine.