Chumvi ya mawe na kichupa cha Shangazi

Kikundi: UKOO WA BABU – NJOMBE

Shangazi Bahati (Mbeya), 19:06
↪ Imesambazwa mara nyingi
ACHENI CHUMVI YA PAKITI!!! Ile nyeupe imeondolewa madini yote ya asili, imebaki sumu. Rudini kwenye chumvi ya mawe isiyosafishwa, kijiko kimoja kwenye maji vuguvugu asubuhi, pamoja na matone ya iodini (madini joto). Inafufua tezi la shingo, inaamsha tezi za juu ya figo zilizochoka. Uchovu kwisha, kitambi kwisha. Tuma kwa watu 10 unaowapenda 🙏🏾

Shangazi Bahati, 19:07
Kamwene wapendwa. Mimi matone nimeshaanza. Nimewachukulia na Mama Neema na Bibi, kichupa kimoja kimoja. Navituma kwa basi la kesho asubuhi

Mama Neema (Makambako), 19:11
Asante sana wifi. Mimi mwili hauna nguvu kabisa, na Neema naye na hiyo mimba analala tu. Chumvi ya pinki tunayo, mkwe alileta kutoka Dar. Ya pakiti nimempa jirani

Baba Mkubwa, 19:15
Hiyo ya chumvi kwenye maji mimi naitumia tangu Pasaka. Mwili unachangamka

Upendo (Iringa), 19:22
Shikamooni wazazi wangu. Ndiyo natoka zamu. Baba Mkubwa, dawa za presha bado unameza?

Baba Mkubwa, 19:24
Marahaba. Nameza. Ila presha siku hizi haishuki. Nadhani dawa za sasa si kali kama za zamani

Upendo, 19:24
🤦🏾‍♀️

Upendo, 19:27
Baba, dawa hazina kosa. Mtu mzima anatakiwa chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku nzima, ndiyo hicho kijiko kimoja cha chai. Wewe unakimaliza kabla ya chai, halafu kuna mboga, kuna dagaa wa chumvi. Iwe ya mawe, ya pinki, ya pakiti, kwa presha zote ni chumvi. Kesho asubuhi maji matupu tafadhali

Shangazi Bahati, 19:29
Upendo mwanangu, nyie wa hospitali kila cha asili mnakipinga. Chumvi ya bahari ina madini joto yake mwenyewe, Mungu kaiweka humo

Erasto (Lindi), 19:33
Shangazi shikamoo. Mnaongelea chumvi bila kumuuliza mtu anayeivuna 😂

Erasto, 19:38
Sisi huku tunaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa, jua linayakausha, tunakwangua, tunarundika. Hiyo ndiyo chumvi ya mawe. Ikitoka hapo haina madini joto ya maana. Maji ya bahari lita moja yana kama gramu 35 za chumvi, na madini joto hata maikrogramu 100 hayafiki. Hata yangebaki yote kwenye chumvi, kijiko kisingekupa maikrogramu 15, na mtu mzima anahitaji 150 kwa siku. Madini joto tunayaongeza sisi. Tunayeyusha ile dawa kwenye maji, tunapulizia kwenye chumvi, tunageuza kwa makoleo mpaka ichanganyike. Asiyepulizia anauza mawe matupu, na wapo

Mama Neema, 19:40
Kwa hiyo hii ya pinki?

Erasto, 19:41
Inachimbwa ardhini Pakistani, mama. Rangi ni kutu kidogo ya chuma. Nzuri mezani. Madini joto haina labda waandike kwenye pakiti kwamba wameongeza

Eliya (kwa Bibi), 19:44
🎤 Sauti, 1:26

Eliya, 19:49
Kwa wenye bando dogo: Bibi anawasalimu wote. Anasema zamani kijijini kwetu rovu lilikuwa la kawaida, mwanamke wa makamo asiye na shingo nene ndiye aliyeshangaza watu. Walikuwa wanafunga kanga mpaka kidevuni. Na kulikuwa na watoto bubu, wafupi, wazito wa akili, watu wakisema ukoo umelaaniwa. Chumvi waliyokula ilikuwa hiyo hiyo ya mawe, na nyingine ya Uvinza. Hapakuwa na pakiti. Anauliza, kama chumvi ya mawe inatibu, rovu lake yeye limetoka wapi?

Erasto, 19:50
Bibi kamaliza kesi 🙌🏾

Upendo, 19:56
Bibi anasema kweli tupu. Huku milimani mvua zimesomba madini joto kwenye udongo miaka na miaka, kwa hiyo mahindi, maharage, hata maziwa ya ng'ombe wetu, vyote vinayo kidogo. Iringa, Mbeya, Rukwa ilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana miaka ya 80 watu walianza kugawiwa vile vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 90 ikawa sheria chumvi ya kula iwekwe madini joto

Shangazi Bahati, 19:58
Vidonge nakumbuka, tulipangwa foleni shuleni. Sasa si ndiyo hayo hayo? Serikali iligawa madini joto, mimi nagawa madini joto, ugomvi uko wapi

Upendo, 19:59
Ugomvi uko kwenye kiasi, Shangazi. Nipigie picha ya hicho kichupa, upande wa maandishi

Shangazi Bahati, 20:03
📷 Picha

Upendo, 20:12
Nimeona. Hii ni Lugol, maji ya iodini, ya asilimia 5. Tone moja lina kama miligramu 6, yaani maikrogramu 6,000. Gawanya kwa 150. Tone MOJA ni mahitaji ya siku 40. Karatasi inasema matone matano kila siku!

Vile vidonge vilikuwa dozi kubwa ya mara moja, inakaa miezi na miezi, wakapewa watu waliokuwa hawana kabisa. Sisi tunakula chumvi yenye madini joto kila siku. Hata hospitali Lugol tunayo, tunampa mgonjwa anayeandaliwa upasuaji wa tezi, siku chache tu, daktari akiwa anamwangalia

Shangazi Bahati, 20:13
Ya ziada si inatoka na mkojo

Upendo, 20:21
Nyingi inatoka. Ila tezi ikimwagiwa ghafla inaweza kufunga milango na kuacha kutengeneza homoni, hapo ndipo uchovu unapozidi. Kwa wengi inafunguka yenyewe baada ya siku chache. Ya mtoto tumboni haina uwezo huo bado, anaweza kuzaliwa na rovu. Kwa hiyo Neema ASIGUSE. Anahitaji madini joto kuliko sisi, ndiyo, 250 badala ya 150, na akikosa ni ubongo wa mtoto unaoumia. Lakini ni maikrogramu

Na Bibi ndiye ninayemhofia zaidi. Rovu la miaka mingi lenye vinundu likipewa dozi kubwa, linaweza kuanza kutoa homoni bila breki. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda. Kwa umri wake moyo hauhimili. Kichupa cha Bibi kisipande basi, nakuomba

Shangazi Bahati, 20:24
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Bahati, 20:26
Sawa cha Bibi kitabaki. Lakini uchovu upo jamani, si uzushi. Mimi nikiamka nimechoka kama nililima usiku. Na hizo tezi za figo mbona hujazijibu

Upendo, 20:35
Uchovu ni wa kweli, sijaukataa. Tezi za juu ya figo "kuchoka" kwa mawazo na kazi nyingi, huo si ugonjwa unaopimika popote, ni jina la kuuzia matone. Kuna ugonjwa halisi wa tezi hizo kushindwa, kifua kikuu ni moja ya visababishi vyake. Mtu anakonda, anazimia akisimama, ngozi na fizi zinakuwa nyeusi kuliko kawaida, na kweli anatamani chumvi. Huyo anakimbizwa hospitali, anapewa homoni, la sivyo anakufa

Wewe Shangazi acha matone kwanza, halafu ukapime damu wingi wake, sukari na TSH. TSH ndiyo inayosema tezi la shingo likoje. Mwambie daktari umekuwa ukitumia nini, usimfiche. Mama Neema na wewe hivyo hivyo. Neema aulizie kliniki, anameza vidonge vya kuongeza damu?

Mama Neema, 20:37
Anasema vinamtia kichefuchefu, aliacha 😔

Upendo, 20:38
Tumeshapata pa kuanzia. Nampigia sasa hivi

Mama Neema, 20:41
Na chumvi nifanyeje, ya pakiti nimeshagawa

Erasto, 20:46
Nunua nyingine mama, iandikwe ina madini joto, pakiti isiwe imepasuka. Mimina kwenye kopo lenye mfuniko, liweke mbali na jiko na unyevu. Ile ya gunia inayopimwa kwa kisado sokoni usiiamini mpaka ipimwe. Wale wa afya wana vichupa vya kupimia, wanadondoshea tone, chumvi yenye madini joto inageuka bluu

Eliya, 20:48
Bibi anauliza, mbona watu wa Pwani hawana rovu kama sisi, na muhogo wanakula sana? Aliambiwa muhogo ndio unaleta

Upendo, 20:57
Wanakula samaki, Bibi. Samaki wa baharini na mwani hukusanya madini joto miilini mwao, chumvi haikusanyi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaongeza tatizo pale ambapo madini joto ni haba. Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wataalamu walilichunguza sana jambo hilo, watu walikuwa na rovu wengi mno. Kabichi na figili nazo husingiziwa rovu, ila za hapo nyumbani Bibi ale tu

Eliya, 20:58
Anacheka. Anasema basi Erasto atume samaki, maneno yametosha

Erasto, 20:59
Natuma Bibi. Nguru mkavu, ila asimpe Baba Mkubwa, ana chumvi 😂

Baba Mkubwa, 21:02
Nimesikia. Presha nitapima Jumatatu zahanati. Sasa turudi kwenye ajenda. Kipaimara cha Eliya ni mwezi ujao na waliochangia ni wanne tu. Bahati, hizo hela za vichupa zingetosha kreti mbili za soda

Shangazi Bahati, 21:04
Muuzaji yuko stendi mpaka kesho, viwili havijafunguliwa. Akinirudishia hela nachangia. Asiponirudishia mtanivumilia mpaka niuze viazi