Betri za gari la kulala zinaisha kabla ya alfajiri, Malindi

Mwenye_Kambi: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina gari lenye vitanda na friji ndogo, nalikodisha kwa wageni waendao Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Mbali na betri ya injini, lina mbili za taa, friji na pampu ya maji, na sola ya wati 200 juu. Mchana kontrola ya sola (kifaa kinachodhibiti chaji inayoingia kwenye betri) inaonyesha volti 14.4, lakini usiku wa manane friji inazima. Fundi mmoja hapa mjini anataka ninunue betri mpya, na bei yake si mchezo. Nianzie wapi?

Fundi_Mambrui: Waaleikum salaam. Usinunue kitu kabla ya kupima. Mchana, kontrola ikisema 14.4, weka mita ya volti kwenye betri zenyewe. Zikisoma pungufu sana, chaji inapotea njiani, na kontrola inadhani betri zimejaa, inapunguza chaji mapema.

Halafu tafuta inapopotelea. Chaji ikiwa inapita kwa nguvu, gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya uliofungwa hapo. Isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, kiungo hicho ni kibovu hata kama kinang'aa. Rudia kwenye fyuzi, swichi, na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Chumvi ya bahari hupenya ndani ya mpira wa waya. Ukiuchuna unakuta shaba imekuwa kijani, inamomonyoka. Na mtikisiko wa barabara za mbugani hulegeza nati.

Mama_Shela: Boti letu huku Lamu lilisumbua vivyo hivyo, ikawa ni waya wa hasi. Kaka, ukifungua nyaya za betri anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Betri ikichaji hutoa haidrojeni, cheche moja yatosha. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri osha kwa maji ya magadi, yasiingie ndani ya betri.

Dereva_Watamu: Ila nazo betri zikikaa nusu chaji muda mrefu huharibika. Zitenganishe, zitulie saa kadhaa, pima kila moja peke yake. Iliyojaa husoma 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Mbovu moja huivuta nzima. Kama ni za maji, ongeza maji ya betri, si asidi.

Mwenye_Kambi: Nimepima. Kontrola 14.4, betri 13.1! Kwenye kishikio cha fyuzi pekee inapotea 0.9. Plastiki imeyeyuka upande mmoja, na fyuzi haijakatika. Niweke ya ngapi?

Fundi_Mambrui: Basi mwizi ndiye huyo. Wati 200 ni kama ampea 16, fyuzi ya 20 yatosha, ikae karibu na betri. Waya usipungue milimita 6 za mraba. Zikijaa, zipime kama alivyosema Dereva kabla hujawapa wageni gari.