Re: Binti yangu anataka kuwa kine (mtaalamu wa fiziotherapia), chuo cha Kikristo Marekani. Aanzie wapi?

Papa wa Nguba, Bukavu

Jambo yenu wote mlio ng'ambo.

Binti yangu wa pili amepata diploma yake ya Exetat, ule mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, sekisheni ya bio-kemia, asilimia 64. Bibi yake alipopooza upande mmoja, watu wa kine walimshughulikia hadi akashika tena kijiko mwenyewe. Tangu siku hizo mtoto hana wimbo mwingine, ni kine tu. Mdogo wangu aliye Marekani anashauri chuo cha Kikristo, anasema huko mtoto atalelewa vizuri. Niko tayari kuuza kiwanja. Kabla sijauza nawauliza mliopita njia hiyo: akimaliza miaka 4 atatoka kine kweli? Na chuo kizuri cha aina hiyo nitakitambuaje?

Dada wa Michigan

Papa, nakusalimu sana wewe na mama watoto. Naomba kiwanja usikiuze kwanza.

Miaka 4 haimfanyi kuwa kine. Tangu 2016, shule zote za kine zinazotambuliwa Marekani zinatoa digrii ya udaktari, DPT, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 juu ya digrii ya kwanza. Baada ya hapo kuna mtihani wa taifa uitwao NPTE, ndipo jimbo linatoa leseni. Ni miaka 7, tena kama hakukwama popote. Vyuo vingi vinatangaza "maandalizi ya fiziotherapia", na mzazi aliye nyumbani anaelewa kwamba mtoto anaingia shule ya kine. Hapana. Anaingia kusoma biolojia au sayansi ya mazoezi ya mwili, na humo humo anapanga kozi ambazo shule za DPT zinadai: anatomia na fiziolojia, biolojia, kemia na fizikia zenye maabara, takwimu, saikolojia.

Mimi nilisoma chuo kidogo cha Kikristo na sijuti hata kidogo. Darasa la anatomia lilikuwa na watu wachache. Profesa aliomba kwanza, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyeutoa mwili wake tujifunzie, ndipo tukaifunua maiti. Niliushika kwa vidole vyangu ule mshipa wa fahamu unaoshuka nyuma ya paja. Ni mnene kama kidole, na mpaka leo mgonjwa akiniambia mguu unamuwaka kuanzia kiunoni, najua ninachokitafuta. Profesa huyo huyo ndiye aliyeniandikia barua ya kuniombea DPT, akaandika mambo yangu kwa sababu alinijua kwa jina. Kwenye chuo cha wanafunzi maelfu na maelfu, barua kama hiyo haipatikani kirahisi.

Lakini jina la Kikristo peke yake halimfungulii mtu mlango wa DPT. Maombi ya shule nyingi yanapitia mfumo mmoja, PTCAS, na huko zinatazamwa alama. Tena akianguka kozi akairudia, alama zote mbili zinaingia kwenye hesabu, hata kama chuo chake kimeifuta ile ya kwanza. Kwa hiyo mwambieni asijibebeshe kemia, fizikia na anatomia kwa mpigo katika muhula wa kwanza, wakati Kiingereza chenyewe bado anakikimbiza. Kozi za Biblia nazo ni za lazima katika vyuo vingi vya Kikristo, na vyuo vingine vinadai mwanafunzi ahudhurie ibada na alete barua ya mchungaji. Kwa mtoto aliyekulia kanisani hilo si mzigo, ila ni saa zinazohesabiwa kwenye ratiba.

Uliuliza namna ya kukitambua chuo. Waandikieni, waulizeni: mwaka jana wanafunzi wenu wangapi waliomba DPT, na wangapi walipokelewa? Nani anawashauri? Maabara ya anatomia iko? Chuo chenye kazi nzuri kitajibu kwa hesabu. Kikijibu kwa picha za bustani na kwaya, endeleeni kutafuta. Kuna pia vyuo vikuu vya Kikristo vyenye DPT yao wenyewe, kama Andrews hapa Michigan na Loma Linda kule California, vyote vya Waadventista.

Sasa ile asilimia 64. Kwetu mtoto akipata hivyo watu wa nyumba nzima wanapakwa poda nyeupe kwa furaha. Afisa wa Marekani anayesoma maombi anaweza kuiona kama alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Mwombeni prefe, yaani mkuu wa shule, aandike barua inayoeleza kipimo cha Exetat, na buletini (ripoti za alama) za miaka ya mwisho zitafsiriwe kwa Kiingereza.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Chuo hakitoi I-20, karatasi ya kuombea viza, mpaka kione pesa ya mwaka wa kwanza, na vyuo binafsi vinadai makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kazi kwa kawaida anaruhusiwa ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kiwanja kimoja kitalipa mwaka mmoja, labda, halafu? Tafuteni kwanza chuo kinachowapa wageni bursi kubwa (ufadhili wa masomo) inayotoka kwa chuo chenyewe, na muulizeni yule mdogo wako atabeba nini, aseme kiasi.

Kaka wa kine, Bukavu

Naunga mkono. Naongeza mawili tu. Kwanza, benki zilipofungwa hapa mwanzoni mwa 2025, karatasi za akaunti zikawa shida kubwa, kwa hiyo ushahidi wa pesa ni bora utoke kwa yule mdogo wako. Pili, mtoto asikae bure akingojea viza. Hospitali ya Panzi na kituo cha walemavu cha Heri Kwetu, hapa Bukavu, kuna kazi ya kine. Aende aombe kuangalia. Atamwona mtu anasimamishwa kwa mara ya kwanza baada ya kukatwa mguu, jasho linamtoka, anashika vile vyuma viwili sambamba na hataki kuachia. Kuna wanaotoka chumba hicho wakasema kazi hii siiwezi, na ni heri walijue kabla ya miaka 7. Kama Marekani itagoma, kine inasomwa Kinshasa, Chuo Kikuu cha Kinshasa na ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba.

Dada wa Michigan

Kweli kabisa, kaka. Aandike kila anachokiona huko, kitamsaidia kwenye barua ya maombi. Ajue tu kwamba shule nyingine za DPT zinahesabu saa alizokaa na kine mwenye leseni ya Marekani, basi akifika aanze mapema, asingoje mwaka wa 4. Na diploma ya Kinshasa haigeuzwi kuwa leseni hivi hivi. FCCPT, shirika la Marekani linalopima masomo ya kine wa nje, huikagua kozi kwa kozi.

Papa wa Nguba

Aksanti sana wanangu. Na ule mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vinaudai, afanyie wapi?

Dada wa Michigan

Vyuo vingi vinapokea ule wa Duolingo, unafanyiwa kwenye kompyuta popote, kamera ikiwa wazi. Umeme au intaneti ikikatika katikati unavurugika, kwa hiyo atafute mahali penye jenereta na awe peke yake chumbani. Akiwa tayari aniandikie, tuzungumze Kiingereza kila Jumamosi jioni yenu.