MREJESHO: Simu ya shangazi asiyeona, Ujiji

Wakuu, niliuliza hapa jinsi shangazi yangu, muuza dagaa asiyeona, atakavyopokea hela kwenye simu bila kumpa mtu namba ya siri. Mlionielekeza TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo, asanteni sana. Imo tayari kwenye simu nyingi za Android, unaiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Sauti ya Kiswahili nayo ipo.

Sasa anapapasa kioo taratibu, simu inamtajia kilicho chini ya kidole, akigonga mara mbili kinafunguka. Namba ya siri anaiingiza akiwa na hedifoni sikioni, jirani wa meza hasikii kitu. Meseji ya muamala anaisikiliza mwenyewe, kisha ndiyo anafunga mzigo.

Kinachoniuma ni ile menyu ya hela inayopigwa kwa nyota na reli. Hajamaliza kusikiliza orodha, muda umekwisha, anaanza upya. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na unagusa mawasiliano waziwazi, kwa hiyo hili ni la makampuni ya simu kurekebisha, siyo la shangazi kuzoea. Tumehamia programu ya kampuni yake ya simu, ila vitufe vingine vinasomeka "kitufe" tu, havina jina. Nimeshawaandikia. Mwenye kujua njia nyingine anisaidie.