Kanda ya ami: wimbo wa Michael Jackson ulitoka 1982 au 1983? Na yale maneno ya mwisho ni ya nani?

mtoto_wa_langoni (Lamu)

Salaam aleikum wanajukwaa. Nina ugomvi wa nyumbani, naomba mwenye kujua aumalize kabla haujawa wa ukoo.

Ami yangu ana kanda ya zamani, ya kurekodiwa dukani, si ya kiwandani. Juu yake pameandikwa kwa wino "M. Jackson na mchanganyiko". Wimbo wa kwanza ni "Wanna Be Startin' Somethin'". Ami anaapa aliipata mwaka 1982 alipokuwa Malindi akifanya kazi kwenye mashua za watalii. Nikatafuta kwenye simu, nikaona wimbo umetoka Mei 1983. Nikamwonyesha, hakutaka hata kuvaa miwani. Akaniuliza, "Na hiyo simu yako imezaliwa lini?" Baraza nzima pale Mkunguni ikaangua kicheko. Tumewekeana halua ratili mbili na sitaki kulipa bure.

La pili. Upande huohuo, baada ya nyimbo nne za Michael, inaingia ngoma nyingine ya saksafoni, na mtu mwenye sauti nzito anatamka maneno yanayofanana mno na yale wanayorudiarudia waimbaji mwishoni mwa wimbo wa Michael, yale ya "mama-se, mama-sa, mama-makossa". Ami anasema huyo wa saksafoni alimwiga Michael. Rafiki yangu naye anashikilia kwamba maneno yenyewe ni Kiswahili kilichovunjwavunjwa. Nimwamini nani?

Nahodha_Shela

Mkubwa ni mkubwa, lipa halua ulale. Ila Kiswahili hapana. Nimeusikia wimbo huo harusini tangu niko mtoto na sijaokota hata neno moja.

Fundi_Barani (Malindi)

Wa aleikum salaam mwanangu. Msalimie ami sana, maana huenda kanda hiyo niliirekodi mimi. Miaka hiyo nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti hapa Malindi: redio mbili, sahani ya santuri moja, na daftari la nyimbo lililochakaa kuliko mimi.

Kabla ya kulipana halua, chukua saa uupime huo wimbo. Ukiwa ni wa dakika sita na sekunde chache, umetoka kwenye albamu ya "Thriller". Ukiwa ni wa dakika nne na kidogo, huo ni wa santuri ndogo, uliofupishwa ili redio ziupige. Hapo ndipo mnapokosana wewe na ami. Albamu ilitoka Marekani mwisho wa Novemba 1982, na wimbo huu ndio unaoifungua upande wa kwanza. Mei 1983 ni pale kampuni ilipoutoa peke yake kwa santuri ndogo, baada ya "The Girl Is Mine", "Billie Jean" na "Beat It". Ulikuwa wa nne kati ya saba zilizotolewa hivyo kutoka albamu moja, na zote saba ziliingia kumi bora Marekani. Huu ulifika nambari 5.

Kwa hiyo wimbo ni wa 1982, hapo ami kashinda. Lakini kanda yake kuwa ya 1982? Mwezi mmoja tu ulibaki mwaka kwisha. Santuri itoke Amerika, ipande ndege na mgeni, ifike kwangu, niirekodi, na ami alipwe mshahara wa mashua aje kuinunua, yote kabla ya Januari? Mimi mwenye kibanda sikubali. Hiyo ni ya 1983, mwambie nimesema.

Nikushughulishe kidogo na jinsi ulivyorekodiwa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Michael aliutunga wimbo huu siku za albamu yake ya kabla, "Off the Wall" ya 1979, ukawekwa kando. Ulikuja kufufuliwa 1982 katika studio za Westlake, Los Angeles, Quincy Jones akiwa mtayarishaji na Bruce Swedien akiwa fundi wa sauti. Besi kapiga Louis Johnson. Kinanda ni Greg Phillinganes, na zile ngoma ndogondogo ni Paulinho da Costa, Mbrazili. Tarumbeta zilipangwa na Jerry Hey. Sasa soma maandishi ya jalada: Michael na wenziwe wawili wametajwa kwa kupiga "ubao wa bafuni". Naam, ubao wa kukanyagwa kwa miguu, ndani ya albamu iliyouzwa kuliko zote duniani! Vaa visikivu, usiikimbilie sauti ya Michael, sikiliza chini yake. Besi inazunguka palepale kutoka mwanzo hadi mwisho, haendi popote yule bwana, na juu yake kila mtu anaongeza chake kidogokidogo. Ndiyo maana wimbo haukuchoshi dakika zote sita, ingawa ukiuchambua hauna mambo mengi.

Jambo jingine ambalo vijana wa siku hizi hamlijui. Albamu ilipokwisha mara ya kwanza, waliisikiliza wakaiona dhaifu. Upande wa santuri una nafasi yake. Ukiujaza muziki mwingi mno, mifereji inabidi ibanwe iwe myembamba, na mfereji mwembamba haubebi besi. Sauti inatoka kama ya mtu aliyefunikwa shuka. Wakapunguza baadhi ya nyimbo, wakarudi kuzichanganya upya moja baada ya moja, na siku za kukabidhi kazi zilikuwa zimekwisha kuwabana. Mimi nilipoweka sindano kwenye santuri hiyo mara ya kwanza nilitazama spika zangu kwa huruma.

Sasa saksafoni. Albamu nzima ni dakika arubaini na mbili, na kanda niliyokuwa nikitumia ni ya saa moja, nusu saa kila upande. Upande wa kwanza una nyimbo nne, dakika ishirini. Zinabaki dakika kumi, na mteja wa Malindi hakubali kulipia utepe mtupu. Sisi wenye vibanda tulikuwa tunajazia. Mwenye akili alijazia kitu kinachofuatana, na hiyo uliyoisikia ni "Soul Makossa" ya Manu Dibango, Mkameruni wa Douala. Ni ya 1972, miaka kumi kabla ya "Thriller". Kwa hiyo kuhusu nani alimwiga nani, ami hana kesi kabisa.

Na historia yake ni ya ajabu. Mwaka huo Kameruni walikuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Dibango akatunga wimbo wa mashindano. "Soul Makossa" iliwekwa upande wa nyuma tu, kujazia. Wimbo wa kombe leo haukumbukwi. Ule wa nyuma ukaokotwa na David Mancuso katika duka la santuri la watu wa visiwa vya Karibi kule Brooklyn, akaupiga kwenye sherehe zake New York, mtangazaji Frankie Crocker akaudaka redioni, na santuri zikaadimika hata vikundi vingine vikakimbilia kuurekodi upya. Kampuni ya Atlantic ikanunua haki mwaka 1973, ukaingia chati za Billboard hadi nambari 35.

mtoto_wa_langoni

Shukrani sana mzee wangu. Nimepima: dakika sita na sekunde tatu. Ami kafurahi kwa 1982, ile habari ya mwezi mmoja kajifanya hajaisikia. Lakini kama maneno ni ya Dibango, alilipwa?

BintiMambrui

Nijibu hilo. Kwenye albamu aliandikwa Michael peke yake kuwa mtunzi wa wimbo huo. Dibango akadai haki yake, na mwisho wakamalizana nje ya mahakama. Halafu 2007 Rihanna akatoa "Don't Stop the Music" yenye maneno yaleyale. Ruhusa waliombwa watu wa Michael, Dibango hakuulizwa. Mzee akaenda mahakamani Paris mwaka 2009, akawashitaki wote wawili. Mimi nilicheka kwa uchungu: mali ya mtu inakopeshwa na aliyeikopa.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kununa. Aliendelea kupuliza saksafoni mpaka uzeeni, akafariki Machi 2020 huko Ufaransa kwa korona, akiwa na umri wa miaka 86.

Na huyo rafiki yako anayesema ni Kiswahili, nadhani kachanganya nyimbo. Kiswahili cha kweli kimo kwenye "Liberian Girl", albamu ya "Bad" ya 1987. Anayezungumza pale ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Kaka zangu walikuwa wakirudisha kanda nyuma kila mara ili waisikie sehemu hiyo tu, mpaka utepe ukakatika, na adhabu nikapewa mimi.

Nahodha_Shela

Basi mimi nauliza la kipuuzi. Video ya "Wanna Be Startin' Somethin'" iko wapi? "Beat It" tumeiona, "Thriller" tumeiona na mazombi yake, hii sijaiona hata siku moja.

Fundi_Barani

Hujaiona kwa sababu haikupigwa. "Billie Jean", "Beat It" na "Thriller" ndizo zilizopewa video. Huu ulipanda chati kwa miguu yake wenyewe, na kwangu mimi ndio bora kuliko "Beat It". Anayebisha aje Barani tubishane.

Mtoto wa Langoni, nisikilize kuhusu hiyo kanda. Usiitie kwenye redio ya gari. Fungua dirisha dogo la mbele uangalie kipande cha sufi chenye kibati: kikiwa kimebanduka, sauti itakuwa inafifia upande mmoja. Kama skrubu zipo nne pembeni, inafunguka na sufi inabandikwa nyingine. Kama imegandishwa gundi, usiitie kisu, mpe mtu wa basi aniletee. Kwanza ihamishie kwenye kompyuta, pande zote mbili, pamoja na hiyo saksafoni.

mtoto_wa_langoni

Ina skrubu tano, mzee, na moja ni ya katikati. Ami anasema haitoki nyumbani mpaka halua ije. Nimekwenda kununua ratili moja.