Nimebadilisha shokapu za mbele, lakini gari bado linagonga: tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Goba

Ndugu zangu, habari za kazi. Gari langu ni Toyota IST la mwaka 2004, na kila siku hulitumia kwenda shuleni kupitia kipande cha barabara ya vumbi ambacho masika yamekiacha na makorongo na mawe yaliyochomoza. Miezi mitatu iliyopita lilianza kugonga upande wa mbele kushoto. Fundi wa gereji ya mtaani kwetu alilisukuma kwa mkono mara mbili, akasikiliza, kisha akasema shokapu zimekufa. Nikanunua mbili zilizotumika kutoka Japani, naye akazifunga siku hiyohiyo. Mlio ulipungua kwa wiki moja, ukarudi vilevile, na sasa shokapu ya kushoto imeanza kulowa oili.

Mlio wenyewe ni wa namna mbili. Nikipita kwenye changarawe au rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana barabarani) kwa mwendo mdogo, nasikia kama vijiko vinavyotikiswa ndani ya sufuria. Nikikanyaga breki ghafla, au nikirudi nyuma kisha nikaondoka kwenda mbele, kinasikika kishindo kimoja kizito ambacho nakihisi hadi kwenye nyayo. Kwenye matuta makubwa, nikipanda polepole, gari huwa kimya. Tairi la kushoto limelika upande wa ndani hadi nyuzi zinakaribia kuonekana. Safari hii fundi anasema tubadilishe raki ya usukani, yaani chombo kinachogeuza magurudumu ya mbele, na kabla sijatoa fedha hizo ningependa kuelewa dalili hizi zinaelekeza wapi, na nitahakikishaje kwamba kifaa kimekufa kweli kabla hakijafunguliwa.

Fundi wa Gerezani

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Umeueleza mlio vizuri kuliko wateja wangu wengi, ambao husema tu "linagonga" wakaniachia funguo. Raki usiinunue bado.

Uzito wa gari haubebwi na shokapu bali na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Shokapu ikifa, gari hupepea kwenye mwendo, huinamisha pua mno unapofunga breki, na tairi hulika kwa mabaka. Kulisukuma kwa mkono ni kipimo halali, ila hukamata shokapu iliyokwisha kabisa tu: ukikandamiza kona ya gari na kuiachia, inapaswa kupanda na kutulia, na ikiendelea kudunda mara mbili au tatu hapo pana jambo. Kuhusu bushi, yaani mipira yenye bomba la chuma katikati inayoshika viungo vya gari, na kuhusu jointi, kipimo hicho hakisemi lolote.

Mlio wa vijiko kwenye changarawe kwa kawaida ni linki ya stabilaiza iliyolegea, yaani kifimbo kinachounganisha gurudumu na chuma kirefu kinachozuia gari kuinama kwenye kona, na mara chache zaidi ni mauntingi ya juu ya shokapu (kishikizo kinachoifunga kwenye bodi), ambayo aghalabu hujitaja yenyewe kwa kugonga au kuruka ukizungusha usukani gari likiwa limesimama. Kishindo kizito cha breki ni habari nyingine. Gurudumu linaposhikwa na breki hutaka kurudi nyuma, na kinachopaswa kulizuia ni wishboni, yaani mkono wa chuma wa chini unaolishika gurudumu. Kama bushi yake imechanika, wishboni nzima huhama na chuma hugonga chuma. Kila inapohama, pembe ya gurudumu nayo hubadilika, na hapo ndipo ninapohisi tairi lako limeliwa. Kupeleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, kabla ya kuponya bushi ni kutupa fedha, kwa sababu pembe zitakazowekwa asubuhi hazitafika jioni.

Ukifika gereji, omba uonyeshwe kwa macho. Gari likiwa juu ya shimo, magurudumu yote yakiwa chini, mtu mmoja aitikise bodi kushoto na kulia huku mwingine akiishika linki kwa vidole: iliyolegea utaisikia mkononi. Usikubali linki ipimwe gari likiwa limeinuliwa upande mmoja, maana stabilaiza hujinyonga na kuibana, ulegevu ukajificha. Kisha gari liinuliwe kwa jeki, liegeshwe juu ya stendi, na tairi lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boli jointi, kile kiungo cha duara kinachounganisha wishboni na gurudumu. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tazama tairodi endi (kiungo cha mwisho kati ya raki na gurudumu) kwanza, kisha raki. Bushi ya wishboni hupimwa kwa mtaimbo mfupi. Nyufa ndogo za juu juu zisikutishe, lakini mpira ukiachana na chuma chake, au bomba la katikati likikaa pembeni, hiyo imekwisha. Katika vyote hivyo, boli jointi ndiyo isiyosubiri mshahara, kwa sababu ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari ukiwa barabarani.

Sasa kuhusu oili kwenye shokapu, nina swali ambalo huenda fundi wako hatalipenda: ile nati ya juu aliikaza vipi? Fimbo ya shokapu huzunguka pamoja na nati, na baadhi yetu, kwa haraka, huibana fimbo kwa praizi, yaani koleo. Praizi huacha mikwaruzo kwenye ile sehemu inayong'aa, na mikwaruzo hiyo hupita kwenye sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja, kila gari linapodunda hadi sili inakatika. Inawezekana pia kwamba shokapu ilikuwa imechoka tangu dukani, maana ya mtumba haina historia. Ukinunua tena, nunua mbili za mbele kwa pamoja, na springi iminywe kwa kifaa chake chenye skrubu, si kwa kufungwa waya. Springi ikifyatuka inaua.

Dereva wa Nairobi

Fundi ameeleza vyema, lakini kuna jambo moja amelipita ambalo lilinigharimu mimi. Nilibadilisha bushi za wishboni za gari langu la Toyota Probox mara mbili ndani ya mwaka mmoja, zote nikizinunua Kirinyaga Road, na mara zote mbili nikamlaumu muuzaji. Kosa halikuwa lake. Mekanika alikuwa akikaza bolti za bushi gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki. Bushi za aina hiyo hazizunguki kwenye bolti. Mpira wake hujinyonga tu. Ukiikaza wishboni ikiwa imening'inia, gari likishuka chini mpira unakuwa umekwisha kunyongwa hata kabla ya safari kuanza, na korongo la kwanza humalizia kazi.

Bolti zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, kisha zikazwe zikiwa katika hali hiyo. Pasipo na shimo, gurudumu lipandishwe juu ya mbao nzito au jeki iwekwe chini ya wishboni hadi ibebe uzito.

Kijana wa Tabata

Samahani wakubwa zangu, kuna fundi huku kwetu anayechonga bushi kwa mpira wa tairi la zamani, na bei yake ni ndogo sana. Je, Mwalimu hawezi kuanza na hizo?

Fundi wa Gerezani

Kijana wangu, zipo, na nimewahi kuzifunga kwenye gari la mteja aliyekwama njiani. Zinamfikisha mtu nyumbani. Tatizo ni kwamba mpira wa tairi haukugandishwa kwenye bomba la chuma kama bushi ya kiwandani, hivyo huzunguka, hulika na kuacha nafasi ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Kwa gari linalopita na kufunga breki kila siku kwenye barabara ya vumbi, nisingemshauri.

Ndugu yangu wa Nairobi, nakushukuru. Hilo la kukaza gari likiwa chini nililifikiri nikaliacha, na ndilo gumu kuliko yote kuwashawishi vijana wangu walifanye, kwa sababu linawarudisha kulala chini ya gari mara ya pili.

Mwalimu wa Goba

Ninarudi na majibu. Jumamosi nilipeleka gari kwenye gereji yenye shimo, nikaomba vipimo vifanyike kama mlivyoeleza. Linki ya kushoto ilikuwa inacheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Mtaimbo ulipogusa bushi ya nyuma ya wishboni, mpira ulifunguka kama mdomo, na upande mmoja chuma kilikuwa kimeng'aa kwa kusuguliwa. Boli jointi ni nzima, na raki haina tatizo.

Tumebadilisha bushi za pande zote mbili na linki zote mbili, bolti zikakazwa gari likiwa limekaa juu ya magurudumu. Fundi alinung'unika kidogo, akakubali. Baadaye nilifanya alaimenti na kununua tairi jipya. Kishindo cha breki kimekwisha, na kwenye rasta nasikia sauti ya matairi tu.

Shokapu nazo tulizifungua tukaweka mpya. Ile ya kushoto niliifuta kwa kitambaa na kuitazama kwenye jua. Karibu na ncha ya juu ya fimbo palikuwa na mistari midogo iliyopangana, meno ya praizi, na oili ilikuwa imeanza kukauka chini yake pamoja na vumbi la Goba.