Kamera ya hadubini ya elektroni: kwa nini wasitumie sensa ya kawaida?

FundiMajengo: Wakuu habari za jioni. Natengeneza kamera na simu hapa Majengo, Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu anasoma fizikia UDOM, jana kanieleza kuhusu hadubini inayopiga picha kwa elektroni. Sensa nimezifungua nyingi, ndiyo maana nauliza: kwa nini elektroni zisipigwe moja kwa moja kwenye silikoni, hadi zigeuzwe kwanza kuwa mwanga?

Mgogo_Maabara: Swali zito hilo mkuu, limewasumbua watu miaka mingi. Elektroni hizo husukumwa hata kwa kilovolti 300. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inaachia elektroni moja ndani ya silikoni. Elektroni hizi za hadubini, kila moja inaachia mamia hadi maelfu, na sensa ya kawaida inaharibika. Wakaweka kioo kinachotoa mwanga kikipigwa na elektroni mbele ya CCD, sensa ya picha ya zamani. Sensa ikapona, lakini mwanga ulisambaa humo ndani na picha ikapoteza ukali. Filamu ikaendelea kuishinda!

FundiMajengo: Wakafanyaje sasa?

Mgogo_Maabara: Wakabuni CMOS, sensa ya aina iliyomo kwenye simu, lakini inayostahimili mionzi, kisha wakaipunguza unene kwa nyuma hadi makumi machache ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Silikoni nene hurudisha elektroni, zikaacha alama pasipo mahali pake. Nyembamba, elektroni inapenya na kwenda zake.

Halafu kuna kuhesabu, na hapa ndipo ninapopapenda. Mvua za Desemba zikianza, sikiliza bati. Matone ya mwanzo unayahesabu, na tone kubwa au dogo ni moja tu. Ikimwagika, huwezi tena. Kamera nayo hutumia mwale hafifu wa elektroni na fremu mia kadhaa kwa sekunde. Elektroni moja huacha umeme mwingi, nyingine kidogo. Ukijumlisha umeme, tofauti hiyo inakuwa kelele. Ukihesabu, inaondoka.

DadaZabibu: Hizo fremu nyingi zina faida nyingine. Protini iliyogandishwa husogea ikipigwa na mwale, basi kompyuta inazipanga fremu upya zilingane. Mwaka 2013 timu za Yifan Cheng na David Julius kule San Francisco zilionyesha hivyo umbo la TRPV1, protini inayohisi ukali wa pilipili, kwa ukali wa angstromu 3.4 (angstromu ni sehemu ya milioni kumi ya milimita). Nilipoiona picha ile sikuamini ni kitu kidogo kiasi hicho.

FundiMajengo: Mfano wa bati umeniingia, asanteni sana. Sasa tone likiangukia mpakani mwa pikseli mbili?

Mgogo_Maabara: Umeme unagawanyika kwa majirani, mkuu. Programu inatafuta kitovu chake, hadi inajua elektroni iliangukia robo ipi ya pikseli.